Uzoefu wangu: kununua pawa soo (msumeno wa injini) iliyotumika kwa kazi ya kuni, Nairobi

Nauza kuni upande wa Dagoretti. Wateja wangu ni vibanda vya chakula, akina mama wa githeri, shule kadhaa na watu wenye sherehe. Nakata mikaratusi na miwati, mara chache mgrevilea, na magogo mengi hayazidi kipenyo cha sentimita 35. Natangulia kusema hivyo kwa sababu unene wa mti ndio unaoamua mashine, na pale mjini ni wauzaji wachache sana watakaokuuliza unaenda kukata nini.

Wengi watakutolea Stihl 070. Ni mashine ya heshima, injini yake inapita cc 100, na wapasuaji mbao wanaiamini kwa magogo makubwa. Kwa kuni ni mzigo tu. Ukishaifunga baa, yaani kile chuma kirefu cha kubebea cheni, na kujaza petroli, inapita kilo 10, na mkata kuni anainama na kuinuka kutwa nzima. Injini ya cc 45 hadi 60 na baa ya inchi 16 au 18 inatosha kabisa. Mimi nilichukua Stihl MS 260, ya cc 50, ambayo bila baa na cheni haifiki kilo 5. Siku hizi haitengenezwi tena, nafasi yake imechukuliwa na MS 261, lakini vipuri vyake bado napata.

Niliitafuta Kirinyaga Road, nikapita Kariobangi Light Industries, nikaulizia pia kwa mafundi wa Kikuyu. Katika kuzunguka huko nilishikilia sharti moja, na ninalitetea mbele ya yeyote: sinunui pawa soo ambayo sijaona pistoni yake. Rangi inapakwa upya na plastiki inabadilishwa, hata stika za kampuni zinauzwa. Pistoni iliyoungua haina pa kujificha ukishafungua ekzosi, na kuifungua ni kazi ya dakika chache kwa spana ya nyota.

Duka moja nililoingia lilikuwa na mashine inayong'aa, imesimama juu ya kaunta. Nikamwambia mwenye duka, "Fundi, nifungulie ekzosi nione pistoni." Akanijibu, "Mteja, hiyo hatufungui, wewe iwashe tu uisikie." Nikamshukuru nikatoka. Mashine inayonguruma vizuri dukani inaweza kuwa imebakisha wiki chache, na mtu aliyekuuzia hatakujua tena.

Kwenye ile niliyonunua, fundi alifungua mwenyewe bila kinyongo. Tulimulika tochi ya simu kwenye tundu la moshi, akavuta kamba polepole pistoni ipande na kushuka. Ubavu wake ulikuwa wa kijivu laini, na ile mistari myembamba ya kiwandani inayozunguka pistoni ilikuwa bado inaonekana. Hiyo ndiyo unayoitaka. Ukiona michirizi ya kusimama, kutoka juu kwenda chini, na chuma kimekwaruzika, ujue mashine ilikatishwa kwa petroli isiyo na oili ya kutosha, au ilivuta hewa mahali pasipofaa. Usikubali kupunguziwa bei. Silinda na pistoni mpya za ubora vitakula faida yote.

Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, nayo ipime. Kama fundi ana geji, chini ya 120 psi ni matatizo, na ikifika 150 furahi. Kama hana, zima swichi, inua mashine kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia pekee. Ikishuka kwa kusitasita, ringi zinashika. Ikidondoka mara moja, iache hapo hapo. Na kabla ya yote hayo, gusa silinda. Wauzaji wengine huiwasha na kuipasha moto kabla hujafika, kwa sababu injini iliyochoka huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi. Ukikuta ina joto, nenda ukanywe chai urudi.

Jambo ambalo silisikii likisemwa sana ni la kimo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru inapita 2,000. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo mashine iliyopimwa Ulaya au Mombasa hupokea petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, inakohoa, inakosa nguvu. Muuzaji anaweza kukushushia bei kwa sababu hiyo, na tatizo ni skurubu ya kabureta tu. Tahadhari iko upande wa pili. Fundi mwenye haraka akiibana skurubu ya H, ile inayopima petroli injini ikienda kasi, kupita kiasi, injini italia kwa sauti nyembamba kali na utaipenda, kumbe pistoni inaungua. Ukibonyeza mafuta hadi mwisho bila kukata kitu, sauti iwe nzito na ya kukatakata kidogo, kisha inyooke mara cheni inapoingia kwenye mti. Mimi nilidai tuijaribu kwenye gogo, siyo hewani. Na ukiipeleka pwani, ipimwe upya.

Mengine ni ya haraka. Elekeza ncha ya baa kwenye kadibodi safi ukiwa umebonyeza mafuta, mstari wa oili utokee. Usipotokea, pampu imekufa au imeziba. Sukuma breki ya cheni mbele cheni ikizunguka, isimame papo hapo. Breki mbovu sijadiliani nayo, maana mashine ikirushwa usoni ndiyo kinga yako. Namba ya mashine iwe imegongwa kwenye chuma cha injini, isiwe ya stika pekee, kwa kuwa nakala zimejaa sokoni. Na muuzaji akuandikie risiti yenye namba hiyo, kwa sababu mashine hizi zinaibwa sana.

Yangu ilikuwa na baa iliyoliwa kingo na sproketi, lile gurudumu la meno linaloendesha cheni, yenye mitaro. Mwenyewe aliniambia kabla sijauliza, tukakubaliana Sh26,000, nami nikanunua baa, sproketi na cheni mpya vyote kwa pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya sproketi iliyoliwa inaharibika upesi. Raba za kuzuia mtetemo zilikuwa zimelegea, na mikono iliniuma hadi nilipozibadilisha. Tangu hapo inawaka vizuri asubuhi hata Limuru kukiwa na ukungu, na kwa mkaratusi mbichi sijawahi kutamani injini kubwa zaidi.

Nachanganya mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Oili chafu ya gari siiweki kwenye cheni, ingawa wengi wanaitumia, kwa sababu ina unga wa chuma unaokula pampu na baa. Cheni yangu ni ya saizi ya inchi .325 na tupa yake ya kunolea ni ya milimita 4.8. Tupa ya 5.2 ni ya cheni ya inchi 3/8, na dukani watakupa yoyote iliyo karibu na mkono, kwa hiyo angalia namba iliyoandikwa kwenye tupa kabla hujalipa.