Unaanza kudarizi kwa mkono? Anza na uzi, seti ije baadaye

Dada anayetaka kujifunza kudarizi akiingia dukani leo atakuta njia nne za kutoa pesa yake. Nimezipitia zote. Nazipanga hapa kuanzia ile ambayo ningemnunulia mdogo wangu.

Ya kwanza, tena kwa mbali, ni kununua kimoja kimoja. Nenda kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, Kariakoo, Darajani au mtaa wa Biashara Nairobi, uchukue fremu moja ya mbao ya inchi 6 (pete mbili zinazobana kitambaa katikati yake), pakiti ya sindano za kudarizi, mita moja ya bafta au marekani, na vifungu vitano vya uzi wa pamba. Mkasi wowote wenye ncha kali unatosha.

Usibane pesa kwenye uzi. DMC ya Ufaransa na Anchor ndizo ninazoziamini. Kifungu kimoja kina mita 8, na ndani yake nyuzi sita zimelala pamoja. Kata urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, chomoa uzi mmoja mmoja, kisha uunganishe mbili au tatu unazohitaji. Ukizivuta kwa mkupuo zitajifunga fundo.

Uzi mzuri hauchuji rangi, na hili nimelijua kwa uchungu. Nilidarizi foronya nyeupe ya mama, maua mekundu pembeni, kazi ya wiki tatu, kwa uzi usio na jina. Ilipofuliwa mara ya kwanza, kila ua likazungukwa na wingu la waridi. Halijatoka hadi leo. Kwa hiyo uzi nisioujua nanunua kifungu kimoja tu: nakata kipande, nakilowesha kwa maji ya moto, nakikandamiza ndani ya kitambaa cheupe mpaka kikauke. Kitambaa kikibaki cheupe, narudi dukani kuchukua vingine. Jaribu hasa nyekundu, nyeusi na bluu iliyokolea.

Kwenye sindano, namba ikipanda wembamba nao unazidi. Namba 7 inakufaa kwa nyuzi mbili au tatu. Fremu ijaribu palepale dukani: tega kitambaa, kaza skrubu, gonga kwa kidole. Kilie kama ngoma. Kikilegea, zungushia pete ya ndani utepe wa pamba.

Nafasi ya pili naipa seti ya mshono wa msalaba, ile yenye kitambaa cha aida. Chukua namba 14, maana yake inchi moja ina vijumba 14, vinavyoonekana vizuri hata taa ikiwa hafifu. Sindano yake ni butu, wala huhitaji kuchora, unahesabu tu. Anayeogopa kuchora atatulia hapa. Naiweka ya pili kwa sababu inakufundisha mshono mmoja tu.

Ya tatu ni seti yenye ua lililokwisha kuchorwa kwenye kitambaa. Ni zawadi nzuri. Ila soma maelezo ya wino: kama ni wa kutoka kwa maji, suuza kwa maji baridi kabla ya kupiga pasi, kwani joto linaweza kuugandisha mchoro moja kwa moja.

Ya mwisho ni pakiti za rangi mia kwa bei ya kutupa. Sizipendekezi. Nyingi si pamba, zinakatika na kusokotana, na anayeanza hana kazi na rangi mia.

Najua wengi mnavutwa kwenye fani hii na kofia za mkono za Lamu na Zanzibar. Nami pia. Lakini vile vitundu vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi ukingoni, vinadai mkono uliozoea. Usinunue vifaa vya kofia mwezi huu. Kwa mita ile ya bafta shona foronya, andika juu yake "Lala salama" kwa penseli, fuatisha herufi kwa mshono wa mnyororo, yaani vitanzi vinavyoshikana kimoja na kingine, nyuzi tatu, rangi moja. Geuza upande wa nyuma utazame. Mafundo yakiwa machache kwenye foronya ya pili kuliko ya kwanza, nenda kanunue kifungu cha sita.