yq ziko mbili, na hakuna aliyeniambia

Nianze na hasira, maana bado sijapoa. Kuna programu mbili zinazoitwa yq, za kuulizia na kubadilisha data iliyo ndani ya faili. Usidhani ni toleo la zamani na jipya. Ni programu mbili kabisa, za watu tofauti, kwa lugha tofauti za kompyuta, na zote zimejipa jina lilelile la herufi mbili. Kama ulikuwa hujui, karibu. Mimi nililijua saa kumi na moja alfajiri, magari yako steji, makanga wananipigia.

Natunza mfumo wa tiketi wa sacco moja ya matatu hapa Kisumu, jina naliacha. Nauli zote za njia ya Busia zimekaa kwenye faili moja ya YAML, maandishi ya data yanayopangwa kwa ngazi: ndani ya njia kuna vituo, na ndani ya kila kituo kuna nauli ya kawaida, ya siku ya soko na ya mzigo. Zamani nikitaka nauli ya Luanda nilikuwa natafuta neno "nauli" kwa grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili, nayo inanimwagia mistari arobaini isiyo na kichwa wala miguu. Kila mstari unasema nauli, hakuna unaosema ya wapi. grep huona mstari tu. Nani yuko ndani ya nani, haijui. Kwa yq unaandika hivi:

yq '.njia.busia.vituo[] | select(.jina == "Luanda") | .nauli' nauli.yaml

Inakujibu 150. Basi. Nukta inakushusha ngazi moja, mabano mraba yanatoa vyote vilivyomo, select inachuja. Ukiwa umeshaizoea jq, kaka yake wa JSON (mpangilio mwingine wa data) aliyetolewa na Stephen Dolan mwaka 2012, huna la kujifunza hapo. Siku niliyoipata nilikesha nikiuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyeyahitaji. Kituo gani hakina nauli ya mzigo? Ni Yala. Kwa nini? Sijui, lakini raha niliipata.

Sasa sikiliza.

Kamati ilikaa usiku ikaamua Luanda ipande shilingi ishirini. Kwenye laptopu yangu nilishajaribu badiliko hilo, likakubali vizuri. Seva haikuwa na yq, nikaiweka kwa apt, ile amri ya kuleta programu, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya kwenye Ubuntu. Nikauliza swali lilelile. 150. Nikajua niko nyumbani. Nikaandika badiliko kwa -i, ili liingie ndani ya faili moja kwa moja, ikanikatalia: -i haitembei bila -y. Nikasema haya, visirani vya matoleo hivi, nikaongeza -y. Ikanyamaza.

Kwenye terminali kimya huwa ni habari njema. Nikafungua faili. Luanda 170, sawasawa. Halafu nikaona faili imekonda. Kila mstari ulioanza na #, yaani maelezo ya kusomwa na watu, ulikuwa umepotea.

Huenda unasema, maelezo tu hayo, si data. Ndugu yangu, hiyo ndiyo iliyokuwa data. Aliyenitangulia kazini, ambaye sasa yuko Nakuru, alikuwa ameandika humo ugomvi wote wa njia hii. "Hii 130 ni makubaliano, si kosa." "Usiguse ya Bumala kabla ya kuongea na watu wa mizigo." Nambari zilibaki zote, sababu zake zikaenda.

Nikampigia.

"Omera, uliangalia ni yq gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Akacheka. Akacheka tena, nikasikia anamsimulia mtu pembeni, naye huyo akacheka. Mimi nimesimama gizani, salio linaisha. Nikamuuliza kama ana nakala. Anayo, ya mwaka juzi. "Lakini wewe nawe, soma mwongozo kwanza," akakata simu. Sikuzaliwa kuchekwa na mtu wa Nakuru kabla ya chai.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. yq inayoletwa na apt imeandikwa kwa Python na yenyewe haiulizi kitu. Inageuza YAML kuwa JSON, inampa jq afanye kazi, na ukiiambia -y inarudisha jibu kuwa YAML. JSON haina mahali pa maelezo. Kwa hiyo maelezo yangu hayakufutwa, hayakuwahi kupanda gari. Iliyokuwa kwenye laptopu yangu ni ya Mike Farah, iliyoandikwa kwa Go. Hiyo inasoma YAML yenyewe na inayashika maelezo. Kwa kusoma tu zinafanana kama mapacha, na hapo ndipo nilipoingia mtegoni. Tofauti inatokea siku ya kuandika.

Ukiandika yq --version utajua uko na ipi, ile ya Go inajitaja na jina la mwenyewe. Neno moja tu, sikuliandika. Wala faili sikuwa nimeiweka kwenye Git, inayotunza kila toleo la faili, mimi ninayewahubiria wengine. Kwa hiyo nusu ya hasira hii ni yangu. Nusu tu! Nusu nyingine nampa aliyeona jina limeshachukuliwa akalichukua vilevile, yeyote kati yao aliyekuja wa pili.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Nikikumbuka ile mistari arobaini ya grep, natoa nne kwa ile ya Go, ingawa nayo humeza mistari mitupu mara nyingine na faili ikabaki imebanana. Ile ya apt, kwa kusoma, nne pia. Kwa kuandika sitaki hata kuijadili. Hapana, tatu. Kila moja nyota tatu.

Maelezo mengi nimeyarudisha kutoka nakala ya Nakuru. Lakini kuna kituo kinaitwa ugunja_b, nauli sifuri, kiliingizwa baada ya nakala ile. Nakumbuka kilikuwa na mistari mitatu ya #, na wa kwanza ulianza na "USIFUTE". Nimemuuliza mzee wa steji, amesema hajawahi kusikia Ugunja ya pili. Nakiuliza kwa yq kila Jumatatu. Inajibu 0.