Kikapu cha miyaa, mfuko mbadala na kifungashio cha kuangaza: vyote nimebebea sokoni

Kikapu changu cha miyaa kinaingia sado ya nyanya, viazi kilo mbili, nazi nne na mafungu ya mchicha juu yake, nami nakitundika begani mpaka kituo cha daladala. Nilikinunua karibu na Soko la Buguruni kwa mama anayeuza mikeka na mafagio. Alianza na shilingi 12,000, tukamalizana 10,000. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi, na hakijafumuka popote.

Ukienda kununua, usidanganywe na rangi. Kipindue, utazame kitako. Mishikio ya kikapu kizuri hushuka ubavuni, ikapita chini na kupandia upande wa pili, kwa hiyo mzigo hukalia kamba yenyewe. Ikiwa imeshonewa ukingoni tu, viazi vitaing'oa. Kisha vuta kidogo ule mshono unaounganisha ukili na ukili, yaani vile vipande virefu vya miyaa iliyosukwa. Ukiona mwanga unapenya, kirudishe.

Kasoro yake ni maji. Niliwahi kuwekea vibua, harufu ikakaa karibu mwezi, na msimu wa masika kiliota ukungu kwa sababu nilikitundika jikoni kikiwa kibichi. Sasa samaki nawabebea ndoo ndogo ya mfuniko, na kikapu nakianika barazani penye upepo, mbali na jua kali linalokausha miyaa ikavunjika.

Mfuko mbadala nao ninao, tena mingi. Ule wa shilingi 500 unafaa kwa nguo au vitabu vya watoto. Lakini tusidanganyane: unafanana na kitambaa, ila ni plastiki ya polipropilini, na ukitupwa utachakaa vipandevipande humohumo mtaroni. Uzuri wake ni kurudiwa, na haurudiwi kama ni mwepesi. Kiwango cha ubora kinataka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba, na jina la mtengenezaji liwe limechapwa. Wangu mmoja haukuwa na jina wala alama. Mishikio yake ilikuwa imegandishwa kwa moto, haikushonwa. Siku ya pili ulikatika ndani ya daladala, vitunguu vikaviringika mpaka miguuni kwa dereva. Tangu hapo nanunua wa kushonwa wenye jina, hata kama ni shilingi 1,000.

Kinachonikera hasa ni hiki cha tatu, kifungashio cheupe cha plastiki cha kuangaza, kile kinachoonyesha kilichomo ndani. Kimetengenezwa cha kufungia bidhaa, siyo cha kubebea. Hata mshikio hakina. Mboga zikikaa humo saa mbili kwa joto la Dar zinatoa jasho na kulegea. Kijana wa nyanya huniambia, "Mama, ngoja nikutilie humu, bure." Namjibu, "Weka kwenye kikapu, mwanangu." Yeye simlaumu, maana anauza kwa kile kinachomfikia. Wa kuulizwa ni anayekizalisha na kukiingiza sokoni kwa marobota, na anayepaswa kumzuia.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nakumbuka aibu ya Rusumo, mpakani mwetu na Rwanda. Mwaka 2016 nilikwenda Kigali kwa basi, na pale mpakani tuliambiwa tuache mifuko yote ya plastiki. Rwanda walikuwa wameipiga marufuku tangu 2008. Nilisimama na nguo za mwanangu mikononi, rambo zangu mbili zikiwa zimechukuliwa, nikijiuliza sisi wenye nchi kubwa namna hii tunangoja nini. Zanzibar, ndugu zetu, walikuwa wametutangulia tangu 2006. Wakenya wakaanza Agosti 28, 2017.

Halafu Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni Dodoma kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni Mei 31. Juni 1 kukakucha, na rambo hazikuwepo. Watu walitoka na vikapu, wengine na mabeseni, na magengeni wakafungia vitu kwenye magazeti. Mtaro wa nyuma ya nyumba yetu, ambao kila masika ulikuwa ukitapika mifuko myeusi, ulipitisha maji tu. Sijawahi kujisikia Mtanzania kama mwezi ule. Serikali ilisema jambo gumu, nasi tukalitenda.

Ndiyo maana kifungashio hiki hakinipi raha. Faini ya mtumiaji wa mfuko wa plastiki imeandikwa, shilingi 30,000 hadi 200,000, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba vifungashio visigeuzwe vibebeo. Maneno hayo yafike viwandani na kwenye maghala kwa ukali uleule wa Juni 2019, siyo kuishia kwa kijana wa nyanya. Ile fahari tuliichangia wote, na haikuwa ya mwezi mmoja.

Kwa mwenye shilingi 10,000, nunua kikapu. Mwenye 1,000, mfuko wa kushonwa wenye jina. Cha bure kikatae.

Jumamosi narudi kwa yule mama kuchukua kingine, kikubwa kidogo na chenye mfuniko. Binti yangu anasafiri kwenda Kigali mwezi ujao, nami nataka apite Rusumo na kikapu chake begani.