Kind Hearts and Coronets (1949): kila mtu anamsifu Guinness, mimi namsifu Price

Mtu akikupendekezea filamu hii, la kwanza atakalokuambia ni kwamba Alec Guinness ameigiza watu wanane wa ukoo mmoja, mmoja wao mwanamke. Ni kweli, na raha yake ipo. Lakini kwa nilivyoiona mimi, hii ni filamu ya Dennis Price, na ukiitazama kwa kusubiri vituko vya Guinness peke yake utapitwa na nusu ya uhondo.

Price ni Louis Mazzini, Duke (cheo cha juu cha kikabaila) wa kumi wa Chalfont. Tunamkuta gerezani, Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20, usiku wa mwisho kabla ya kunyongwa. Ametulia, kavaa vizuri, anaandika kumbukumbu za maisha yake. Mwenye wasiwasi ni mnyongaji. Hajawahi kumnyonga mtu wa cheo kikubwa hivyo, na kinachomhangaisha ni namna ya kumwita duke kwa adabu kabla ya kumvisha kitanzi. Hapo hapo nikajua nipo kwenye mikono salama.

Kisa chenyewe ni cha mirathi. Mama yake Louis alizaliwa kwenye ukoo wa D'Ascoyne, akatoroka na mwimbaji wa opera wa Kiitaliano, na ukoo ukamkata kabisa. Akaishi kwa dhiki, na alipofariki, mwanawe akaomba mama azikwe pamoja na wazee wake huko Chalfont. Wakakataa. Sasa, cheo cha ukoo huu kina jambo la pekee: kinaweza kupita hata kwa watoto wa kike. Maana yake ni kwamba Louis, kijana wa kuuza vitambaa dukani, yumo kwenye foleni ya warithi, ila mbele yake kuna watu. Nyuma ya picha ya ngome ya Chalfont anachora mti wa ukoo, na kila anapozikwa mtu, anakata jina. Wakati mwingine hata hahitaji kunyoosha mkono. Ugonjwa wa dondakoo unapowaondoa watoto pacha waliozaliwa na kumrudisha nyuma kwenye foleni, yeye analitaja jambo hilo kwa sauti ya karani anayesawazisha daftari la hesabu.

Hiyo sauti ndiyo filamu. Karibu kila kitu tunasimuliwa na Louis mwenyewe, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, kisicho na neno moja la hasira. Mkurugenzi Robert Hamer ameelewa kwamba kichekesho cha aina hii hakitaki damu. Mfano mzuri ni kifo cha Henry, kijana mpole anayependa kupiga picha na kunywa kwa siri kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Louis amebadilisha mafuta kwenye taa ya humo, akatia petroli. Hatuonyeshwi moto. Tunaonyeshwa Louis bustanini na Edith, mke wa Henry, wanakunywa chai na kuzungumza kistaarabu, na nyuma yao moshi unaanza kupanda. Mazungumzo yanaendelea. Kikombe hakitikisiki. Nilirudisha nyuma kipande hicho nikitazama uso wa Price tu, na sikuona ukope ukipepesa mahali usipopaswa.

Guinness naye hajabebwa na vipodozi. Inasemekana sana, na yeye mwenyewe alilisimulia, kwamba alipewa nafasi nne akauliza kwa nini zisiwe nane. Kila mmoja anakuja na mwendo wake: mchungaji mzee anayezungumza kama aliyesinzia katikati ya sentensi, jenerali ambaye bado anapigana vita vya Afrika Kusini kwenye meza ya chakula, admirali anayezama na meli kwa ukaidi wake, mkono kwenye saluti huku maji yakimpanda mpaka usoni. Lady Agatha, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, anapaa juu ya London kwa puto akimwaga vipeperushi, na Louis dirishani na upinde na mshale. Kinachotokea unaweza kukikisia, lakini kaa usikie anavyokisimulia.

Halafu kuna msiba wa Henry kanisani, ambapo watu sita wa Guinness wanaonekana kwenye picha moja. Kompyuta hazikuwepo. Mpiga picha Douglas Slocombe alifunga kamera isitikisike, akaziba lenzi na kuacha sehemu ndogo tu, akampiga Guinness akiwa mtu wa kwanza, akarudisha filamu nyuma, Guinness akabadilishwa mavazi na sura, ikafunguliwa sehemu nyingine, hivyo hivyo mpaka benchi likajaa. Slocombe alilala pale pale na kamera ili mtu asije akaigusa usiku. Mshono nimeutafuta, sikuuona.

Jina lisilosifiwa vya kutosha ni Joan Greenwood. Sibella wake ndiye aliyemkataa Louis alipokuwa hana kitu, akaolewa na Lionel, bwana wa fedha nyingi na mazungumzo machache. Ana sauti nzito kidogo, ya kuvuta maneno, kama anayekula kitu kitamu na hataki kukimaliza. Louis anawazidi akili D'Ascoyne wote, lakini Sibella akiingia chumbani na kukaa, unaona mchezo umepata mchezaji wa pili. Nusu saa ya mwisho, kesi ikisikilizwa mbele ya malodi wenzake na yule mwanamke akiwa na karatasi moja mkononi inayoweza kumwokoa au kumzamisha, ni bora kuliko mauaji yote yaliyotangulia. Na kejeli yenyewe: mtu aliyeua ndugu sita kwa mkono wake anashtakiwa kwa kifo ambacho hakukifanya.

Upande wa Edith kwangu ndio unaopwaya. Valerie Hobson anaigiza sawasawa, ila mhusika kaandikwa kuwa mwema na mnyoofu, na kwenye filamu ambayo kila mtu ana hila, wema unachosha. Uchumba wao ungeweza kupunguzwa.

Lipo na jambo zito zaidi. Kwenye toleo la asili kuna kiwimbo cha kitoto cha kuchagua, na ndani yake limo tusi la Kiingereza la kuwaita watu weusi, linasemwa kwa wepesi kabisa, bila mtu kushtuka. Kwenye toleo la Marekani lilibadilishwa. Pia Louis anajigeuza askofu wa Matabeleland, eneo la Zimbabwe ya leo, ili amfikie yule mchungaji, na mzaha wote unategemea kwamba hakuna mtu mezani anayeijua sehemu hiyo wala kujali kuijua. Huo wa askofu nimeucheka, kwa sababu ujinga unaochekwa ni wa mchungaji na wenzake. Kiwimbo sikukicheka. Kama unatazama na watoto, ujue kipo.

Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, saa moja na dakika arobaini na sita, na watu wanaongea kwa kasi. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri, maana mzaha mwingi umefichwa mwishoni mwa sentensi ndefu na Price hasubiri ucheke. Usiitazame huku unachezea simu. Nyota nne na nusu kwa tano.

Kabla hujalipia, angalia umepata toleo gani. Kanuni za filamu za Marekani za enzi hizo hazikuruhusu mhalifu aonekane kuponyoka, kwa hiyo huko waliongeza kipande kifupi mwishoni kinachojibu swali ambalo Hamer aliliacha likining'inia kwa makusudi. Chukua toleo la Uingereza, lile linaloishia pale Louis anapokumbuka alichokisahau.