Street Fighter ukubwani: miezi miwili na diski ya gemu 12

Mimi ni mtu wa gemu za mpira. Utotoni, kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Temeke, gemu za ngumi zilikuwa za kaka zetu. Sisi wadogo tukipata zamu tulibonyeza vitufe vyote kwa mpigo, tunapigwa, tunanyang'anywa pedi. Kwa hiyo nilipoingiza diski ya Street Fighter 30th Anniversary Collection kwenye PS4, nikiwa na miaka 38, nilikuwa mgeni kabisa.

Diski hii ilitoka 2018. Ndani yake kuna gemu 12 kama zilivyokuwa kwenye zile mashine kubwa za sarafu, kuanzia ya kwanza kabisa ya 1987 hadi 3rd Strike ya 1999. Nilianza na ile ya 1987, nikidhani lazima nianzie mwanzo. Usifanye hivyo. Mapigo maalumu yanagoma kutoka hata ukiyachora vizuri, na ukicheza peke yako mpiganaji ni Ryu tu. Nusu saa nikaiacha. Nenda moja kwa moja kwenye Street Fighter II, na kati ya matoleo yake shika Hyper Fighting ya 1992: wapiganaji wote 12 wamo, na ni moja ya gemu nne kwenye diski zenye sehemu ya mazoezi. Zilizobaki hazina, na mgeni bila mazoezi anaumia.

Vitufe ni sita, ngumi tatu na mateke matatu: nyepesi, ya kati na nzito. Wiki nzima nilitumia nzito tu, maana nani hataki kupiga kwa nguvu? Kumbe ngumi nzito inachelewa kurudi, na wakati mkono wako uko hewani mwenzako anakudonoa ngumi nyepesi mbili.

Halafu kuna Hadoken, ule moto wa Ryu. Unabonyeza chini, unateleza kwenye kona ya chini-mbele, unamalizia mbele pamoja na ngumi. Kwenye karatasi ni robo ya duara. Kwenye kidole gumba ni lengelenge. Langu lilitokea siku ya tatu, likapasuka ya nne, nikafunga plasta na kuendelea. Kosa langu lilikuwa kuruka ile kona ya chini-mbele. Nilipopunguza haraka, moto ukaanza kutoka mara saba kwa kumi. Nikashangilia. Kisha mpinzani akaniruka, tukabadilishana pande, na kidole kikawa hakijui kushoto wala kulia. Upande wa pili ni kujifunza upya, hakuna aliyenionya.

Mazoezini nilijiona bingwa, nikaenda kupambana na mashine, yaani mpinzani anayeendeshwa na gemu lenyewe. Mashine ni mwalimu mbaya. Mpiganaji Guile, ili apige teke lake maalumu, Flash Kick, mchezaji lazima ashikilie chini kwa muda kidogo, halafu juu na teke. Guile wa mashine anaipiga akiwa amesimama wima, hajachuchumaa hata kidogo. Ukishajua kwamba gemu hizi zilitengenezwa zimeze sarafu za watu, unaelewa, lakini kuelewa hakuzuii teke. Uzuri wa diski ni kwamba sarafu hapa ni kitufe tu, unaongeza bila kutoa hela, na unaweza kupunguza ugumu kwenye mipangilio. Mimi nimepunguza na sioni aibu.

Aliyenifundisha hasa ni mpwa wangu wa miaka 13, ambaye naye alikuwa hajawahi kuigusa gemu hii. Alichagua Blanka, yule wa kijani, kwa sababu ukibonyeza ngumi harakaharaka anatoa umeme. Kila nilipomrukia nilichomwa. Baada ya raundi kama kumi hivi akaniambia kwa huruma, "Anko, ukiwa hewani huwezi kukinga. Kwa nini unaruka kila mara?"

Kweli. Ukiwa chini unakinga kwa kushikilia nyuma. Ukiruka umejitoa sadaka hadi utue. Nikaacha kuruka. Nikakaa mbali, nikarusha moto, umeme wake haukumsaidia. Naye ikabidi aruke, na hapo nikamngojea nimechuchumaa na ngumi nzito ya Ryu, ile inayopanda kidevuni. Akianguka, namsogelea kidogo. Akitembea kunifuata, namkata mtama. Teke zito la chini ndilo mtama wa gemu hii, na anayekinga akiwa amesimama linamwangusha vilevile. Akijikunyata kona kukinga kila kitu, namsogelea kabisa namkamata namtupa. Hayo mambo manne, moto, ngumi ya juu, mtama na kutupa, ndiyo niliyocheza nayo mwezi mzima. Sijui hata mapigo ya kuunganisha matatu. Nayo yenyewe, inasemekana, hayakupangwa: waundaji waliyaona wakijaribu ile raundi ya kuvunja gari, wakayaacha.

Mtandaoni sikukaa. Bando langu la simu halihimili, picha inakwama kati ya ngumi na kidevu. Kama una mtu wa kukaa naye kochi moja, huyo anatosha. Pedi mpya ya bei poa niliyonunua kwa ajili ya mpwa mishale yake ilianza kukwama wiki ya pili, kwa hiyo kwenye pedi usibane hela.

Sasa nimeanza kuchungulia 3rd Strike. Kule unaweza, badala ya kukinga, kusukuma mbele sekunde ileile pigo linapofika, na hupungui damu hata tone. Mwaka 2004, kwenye mashindano ya Evo huko California, mchezaji Daigo Umehara akiwa na mpiganaji Ken aliyebakiza damu ya kuhesabu alizima hivyo mateke yote 15 ya Chun-Li, mpiganaji wa mpinzani wake Justin Wong, kisha akashinda raundi. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mimi nimemwekea mpwa Chun-Li, nikamwambia arushe yale mateke, nami nisukume mbele. Rekodi yangu ni mawili, na la pili nilikuwa nataka kurudi nyuma.