Rilei ya volti 12 ya miguu mitano: ya kununua na ya kuiacha dukani

Ukiingia duka la spea, liwe la mjini Unguja au la Chake Chake, utaikuta rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme: kidude cheusi cha mraba, miguu mitano bapa chini yake, na ubavuni kimeandikwa 12V 40/30A. Zipo za viwanda vinavyojulikana kama Bosch, Hella na Denso, na zipo zisizo na jina lolote. Kwa macho zinafanana. Kazini hazifanani, na kwa hewa yetu ya chumvi tofauti hiyo hudhihirika mapema.

Ndani mna koili ya waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye kipande cha chuma. Miguu 85 na 86 ndiyo ncha zake. Umeme ukipita humo chuma huwa sumaku, huvuta kibao chenye springi, na kibao hicho ndicho kinachobeba pointi, yaani vichwa vya chuma vinavyogusana ili umeme upite. Mguu 30 ndio mlango wa umeme mkubwa: rilei ikilala, 30 inagusana na 87a, ikivuta, inaiacha 87a na kuishika 87. Koili ya volti 12 huwa na omu 80 hadi 100 hivi, yaani inakula ampia 0.12 hadi 0.15 tu. Kwa umeme huo mdogo unaopita kwenye swichi ya dashibodi, unaruhusu ampia 20 zipite njia nyengine, nene na fupi, moja kwa moja kutoka betri. Ndiyo kazi yake kwenye honi, feni ya rejeta, pampu ya mafuta na taa.

Maandishi ya 40/30A huwapoteza wengi. Ampia 40 ni za mguu 87, na 30 ni za 87a, kwa sababu upande wa 87a pointi zinabanwa na springi peke yake, wala si nguvu ya sumaku. Tena hesabu hiyo ni ya mzigo mtulivu na hewa ya kawaida, si ya chini ya boneti. Balbu ya waya ikiwa baridi huvuta mara kumi ya ampia zake kwa kitambo kidogo sana, na mota ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Rilei nzuri ya 40 ipewe kazi ya kudumu isiyozidi 20 hadi 25. Isiyo na jina tungeipa honi tu, au taa mbili, isizidi hapo.

Dukani itazame miguu kwanza. Mguu sahihi una upana wa milimita 6.3 na unene wa milimita 0.8, ukiwa mwembamba zaidi hautabanwa vizuri na soketi. Kisha tazama pale kifuniko kinapokutana na kitako. Zilizozibwa kwa gundi pande zote ndizo za kwetu. Zile ambazo kifuniko kinachopoka kwa ukucha huingiza unyevu wa chumvi, pointi zikapata ukungu wa kijani, na mtu akadhani taa zimekufa. Soma pia mchoro wa ubavuni. Kuna mpangilio wa aina mbili sokoni, ambapo nafasi za 30 na 86 zimebadilishana, na umbo ni lile lile. Ukichomeka ya aina nyengine kwenye soketi ya zamani, rilei haitafanya kazi inavyotakiwa, na waya mwembamba wa swichi unaweza kujikuta umebebeshwa mzigo wa taa. Baadhi zina dayodi ndani (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ya kumeza mshtuko wa volti unaorudi koili ikizimwa. Hizo lazima chanya iende 86 na athi, yaani upande hasi ulioungwa na bodi ya gari, iende 85. Ukigeuza, fyuzi inakatika au dayodi yenyewe inaungua. Kama haina dayodi na inaamrishwa na saketi ya kielektroniki, weka dayodi ya 1N4007 baina ya 85 na 86, mstari wake uelekee upande wa chanya.

Mwenye duka atakuonesha kwamba inagonga "tak". Kugonga kunathibitisha koili tu. Muombe mita. Pima 85 na 86: upate omu 80 hadi 100. Pima 30 na 87a bila umeme: karibu sifuri. Pima 30 na 87: isisome kitu. Kipimo cha kweli ni cha nyumbani, rilei ikiwa na mzigo wa ampia kumi hivi: weka mita kwenye volti, ncha moja 30 na nyengine 87. Chini ya volti 0.2 ni nzuri. Ikisoma 0.5 ujue ndani mnazaliwa joto la wati 5, na plastiki ya soketi itaanza kulainika. Hapa ndipo zisizo na jina zinapoangukia, kwa kuwa pointi zake hupakwa madini ya fedha membamba mno.

Wenye malori ya volti 24 wasiichukue hii hata kwa dharura. Volti zikiwa maradufu, joto la koili linakuwa mara nne, na itaungua. Ya 24 nayo ukiitia kwenye gari ya 12 kwa kawaida haitavuta kabisa.

Taa za mbele ndizo zinazofaidika zaidi. Balbu mbili za H4 za wati 55 hula ampia 9 na ushei. Zikipitia swichi kongwe, volti moja au zaidi hupotea njiani na mwanga unakuwa wa manjano. Chukua waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka chanya ya betri, weka fyuzi ya ampia 15 karibu kabisa na betri, ndipo uingie 30. Kutoka 87 nenda kwenye balbu. Waya wa zamani wa swichi uende 86, na 85 iende athi kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Ila Toyota nyingi hukata taa upande wa athi, si upande wa chanya. Kwenye hizo 86 inapata chanya yenye fyuzi, na waya wa swichi unaingia 85. Athi ya balbu nayo ipelekwe upya kwenye bodi. Usipoliangalia hili utabadilisha rilei tatu bure.

Betri ikishuka sana, koili inakosa nguvu ya kushikilia na rilei hugonga ta-ta-ta. Kila ikigonga ni cheche, na mwisho pointi hushikana: umezima swichi lakini taa zinaendelea kuwaka. Kuibadilisha rilei bila kutafuta sababu ya betri ni kutupa pesa.

Funga rilei miguu ikitazama chini ili maji yasikae kwenye soketi, paka grisi kidogo kwenye vichwa vya waya, na uvibane kwa koleo lake, si kwa meno ya plaizi. Soketi ya bei rahisi hulegea na kuungua kabla ya rilei yenyewe, kwa hiyo usinunue rilei ya Hella ukaiweka kwenye soketi ya bati jepesi.

Kwenye boti itafaa kwa pampu ya kutoa maji na taa, mradi isikae karibu na tangi la petroli, maana pointi zinatoa cheche na kifuniko hiki hakikutengenezwa kuzuia mvuke wa mafuta. Na kwa paneli za sola za pampu ya kisima, zenye volti 60 au 100, isitumike kabisa. Umeme wa nyumbani wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa paneli haupiti sifuri, cheche inabaki inawaka baina ya pointi mpaka ziyeyuke. Huko tafuta kikata umeme kilichoandikwa DC (umeme wa upande mmoja, kama huo wa paneli) na volti zake, hata kama bei yake ni kubwa.