Mali ya ndoa Malindi: kwa kadhi au Mahakama Kuu?

Kwa kadhi, talaka, eda (muda wa mke kungoja baada ya talaka) na masurufu husikizwa kwa sheria ya Kiislamu. Ila Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170, yataka pande zote ziwe Waislamu na zikubali mamlaka ya kadhi.

Mahakama Kuu sishauri mama yeyote anayedai nyumba aipuuze. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 huhesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, hata kulima shamba, kuwa mchango (Mwislamu aweza pia kufuata sheria ya dini yake). Kugawana mali nusu kwa nusu hakuji kwenyewe. Mahakama ya Juu (ile iliyo juu ya zote nchini) ilitamka hivyo 2023. Kwa hiyo dada, weka risiti za mabati na saruji kuthibitisha mchango wako.

Malezi? Sheria ya Watoto ya 2022 hutanguliza maslahi ya mtoto.